Kipimajoto cha bastola kilivyoniumbulia breki iliyolala

Pikapu yangu ina miaka zaidi ya 20. Ukikanyaga breki taratibu inasimama vizuri tu. Ukikanyaga kwa nguvu, usukani unakuponyoka kwenda kulia. Nilishabadilisha pedi, nikasawazisha upepo wa matairi, nikalipia alaimenti. Wapi! Muda wote huo nilikuwa nalilaumu gurudumu la kulia, kumbe gari huvutwa na upande unaoshika. Mgonjwa alikuwa yule wa pili, aliyejinyamazia.

Basi nikanunua kipimajoto cha infraredi, kile chenye umbo la bastola, tena cha bei ya chini. Nikatafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, nikafunga breki kali mara sita, nikasimama na kuruka nje. Diski ya mbele kulia: nyuzi 148. Kushoto: 71.

Angalizo, maana karatasi ya maelekezo ilikaa kimya: chuma kinachong'aa hukidanganya kifaa, kikasoma chini ya joto halisi. Lenga sehemu ileile pande zote mbili, na usogee karibu. Changu ni cha 12 kwa 1, yaani ukiwa umbali wa sentimita 60 kinasoma duara la sentimita 5, si ile nukta nyekundu peke yake.

Ila kinakuonyesha wapi, hakikuambii nini. Nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikalegeza nipo, zile skrubu ndogo za kutolea upepo kwenye breki, huku kijana wangu akikanyaga pedali. Kulia mafuta yalichomoka. Kushoto yalidondoka kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Pini za kalipa, kile kibanio kinachokamata diski kwa pedi, zilikuwa zinateleza, pistoni nayo haikukwama. Ukabaki mpira wa breki, ule mrija unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Nikaufungua, nikausukumia upepo kwa pampu ya baiskeli: ulipita kwa shida. Nje hauna hata ufa; ndani umevimba na kuziba. Ndiyo maana breki ya taratibu haikuwa na neno, mafuta yalipata muda wa kufika.

Nikabadilisha mipira yote miwili ya mbele, maana umri wao ni mmoja, nikatoa upepo, nikarudi barabarani. Safari hii 126 na 122, usukani umetulia.

Kifaa nakipa nyota nne. Ya tano imeondoka na kifuniko cha betri, kinachofunguka kila ukibana kitufe kwa nguvu. Nimekizungushia tepu ya umeme.