Stan's NoTubes Tanga: miiba inaiweza, matumbawe haiyawezi

Tathmini hii inamhusu mwendesha baiskeli ya mlimani anayekimbia peke yake mbio za saa 12 au 24, au anayejifua kwa kwenda Amani, juu kwenye milima ya Usambara, na kurudi bila gari la kumfuata. Mwenye kuzunguka mjini jioni hana haja ya dawa hii. Tyubu na kiraka cha fundi wa Ngamiani vinamtosha.

Tunayoizungumzia ni Stan's NoTubes ya kawaida, ile dawa nyeupe kama maziwa inayomiminwa ndani ya tairi lisilo na tyubu. Ipo pia ya Race, yenye chembe kubwa zaidi. Hiyo haipiti kwenye valvu, lazima ufungue ukingo wa tairi ndipo uimimine, tena hukauka mapema. Kwa joto letu, waachie wenye timu ya mafundi.

Hukumu yenyewe ni fupi: kwa miiba ya Tanga dawa hii ni nzuri sana, kwa mawe ya matumbawe ya pwani ni kama hukuweka kitu.

Ndani yake mna utomvu wa mpira, maji, kemikali ya kuzuia kuganda kwa baridi (baridi ambayo huku haipo) na chembe ndogo ndogo. Tairi likitoboka, hewa inayotoka inavuta utomvu na chembe hadi kwenye tundu, vinakwama pale na kushikana. Mtengenezaji anasema inaziba tundu la hadi robo inchi, yaani kama milimita 6, na kwamba hubaki majimaji kwa miezi 2 hadi 7. Hiyo robo inchi ichukulie kwa tundu lililo katikati ya kashata, yaani pale tairi linapokanyaga ardhi, si ubavuni. Hiyo 7 isome kama haipo. Maji ya dawa hupotea taratibu kupitia mbavu za tairi, na matairi mepesi ya mashindano yana mbavu nyembamba. Baiskeli inayolala kwenye banda la bati kipindi cha kaskazi, wiki sita zinaweza kutosha ukute ndani kumebaki utando mkavu na vidonge vya mpira vinavyogongagonga.

Kwa hiyo kipimo. Chupa ndogo ni ya mililita 59, na wengi humimina moja kwenye kila tairi wakaona wamemaliza. Kwa tairi la inchi 29 lenye upana wa 2.25, hiyo ni nusu ya kazi. Weka mililita 100 mbele na 120 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kunakobeba uzito. Kila baada ya wiki nne toa kiini cha valvu, ingiza kijiti chembamba cha plastiki hadi kiguse tairi, valvu ikiwa chini. Kikitoka kimelowa vizuri, endelea. Kikitoka kimepakaa kidogo tu au kikavu, ongeza 60. Chupa ya mililita 473 ndiyo yenye maana: inajaza matairi mawili mara ya kwanza na inabaki akiba ya nyongeza nne.

Wanaolalamika kwamba dawa "haishiki" mara nyingi wamekosea kwenye rimu, si kwenye dawa. Utepe wa rimu lazima ufunike chini ya rimu kutoka ukuta hadi ukuta, safu mbili, uvutwe kwa nguvu, na rimu iwe imesafishwa kwa spiriti kwanza. Utepe wa umeme unaouzwa kila duka la vifaa haufai. Unavutika, gundi yake inalainika kwa joto, unahama, na matundu ya spoku yanabaki wazi. Dalili yake ni dawa kuchuruzika kwenye spoku. Ukiona hivyo usiongeze dawa, vua tairi uanze upya.

Kupandisha ukingo wa tairi hadi ubane kwenye rimu ndiko kunakowashinda watu. Pampu ya mkono haitoi hewa ya kutosha kwa mkupuo. Mwenye kompresa ya bodaboda anaimaliza kazi hiyo mara moja, lakini mpira wake umetengenezwa kwa valvu nene ya gari na pikipiki, na rimu za mashindano hutumia valvu nyembamba ya Presta. Nunua kile kiunganishi kidogo cha shaba, ni kitu cha bei ndogo, kiweke kwenye mfuko wa zana kisitoke. Kwa mara ya kwanza hata hicho hakitoshi: toa kiini cha valvu, paka ukingo wa tairi maji ya sabuni, mwambie fundi abonyeze mdomo wa mpira moja kwa moja kwenye valvu. Utasikia milio miwili, ta, ta. Hapo tairi limekaa. Usiache lipande kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni, na kompresa za mitaani hazina subira, kwa hiyo simamia mwenyewe. Ndipo umimine dawa kupitia valvu, urudishe kiini, ujaze, utikise, ulaze gurudumu juu ya ndoo upande mmoja kwa muda, kisha upande wa pili. Mbavu zitatoa jasho jeupe siku ya kwanza. Ni kawaida.

Upepo wa kuanzia, kwa mtu wa kilo 70 kwenye upana wa 2.25, ni PSI 20 mbele na 23 nyuma. Geji ya kituo cha mafuta ni ya gari, kwenye 20 huko inabahatisha, hivyo beba ya kwako. Ukizidisha sana, dawa hutemwa nje kabla haijashika. Ukipunguza sana, rimu inagonga jiwe na kukata tairi pale kwenye ukingo, na mkato huo hauzibwi na dawa yoyote.

Sasa barabarani. Njia za ndani ya mashamba ya mkonge kuanzia Pongwe kuelekea Muheza ndizo mtihani halisi wa miiba. Jani la mkonge linaishia kwenye ncha ngumu kama msumari, na majani yanapokatwa na kubebwa, ncha hubaki njiani. Ikikuingia kwenye kashata, usiing'oe. Iache, dawa imeshaizingira, na mara nyingi unamaliza siku bila kugusa pampu. Ikianza kupiga filimbi, ing'oe, geuza gurudumu tundu liwe chini kabisa ili dawa ikusanyike hapo, hesabu hadi thelathini, ongeza upepo, ondoka. Miiba ya migunga mara nyingi ni myembamba zaidi, huenda usijue hata kama imeingia.

Hapo ndipo kuna mtego usiosemwa kwenye chupa. Tairi lililokaa na dawa miezi kadhaa linakuwa limejaa ncha za miiba zilizovunjikia ndani. Siku utakayolazimika kuweka tyubu, itatoboka kabla hujaenda mita mia. Kabla ya kuweka tyubu, pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi, kikinasa toa mwiba kwa koleo. Kidole kitupu kitakuumiza, na usiku hutaona kitu.

Matumbawe ni habari nyingine. Njia za pwani upande wa Mwambani zina mawe yenye makali yanayokata ubavu, si kutoboa. Mkato wa sentimita moja ubavuni unamwaga dawa yote uliyoweka kwa sekunde chache. Hapa zinahitajika kamba za tyubulesi, vile vipande vya kunata vinavyochomekwa kwenye tundu la tairi lisilo na tyubu, lakini za baiskeli, zenye unene wa milimita 1.5 hadi 3.5. Zile nene za gari zinahitaji msumari mpana unaopanua tundu, tatizo likawa kubwa kuliko ulivyolikuta. Kamba ikishindwa, weka ndani kipande cha tairi kuukuu kama urefu wa kidole, halafu tyubu. Anayejua atapita pwani avae tairi lenye ubavu ulioimarishwa na akubali uzito wake.

Kwa mbio za mizunguko, mambo ni mepesi. Mtindo huo wa kuzunguka peke yake ndio aliotumia mwendesha baiskeli John Stamstad wa Marekani mwaka 1996, alipojiandikisha kwenye mbio za 24 Hours of Canaan kama timu ya watu wanne ilhali majina yote manne yalikuwa yake. Kila mzunguko unapita kambini na gurudumu la akiba lipo. Njia ya Amani haina kambi. Ukishapita Kisiwani na kuanza kupanda kona zile, ulichobeba ndicho ulichonacho: tyubu mbili, kamba tano, pampu, koleo, dawa mililita 60. Mitungi midogo ya gesi ya CO2 inapendwa kwa haraka yake, lakini dawa hii haipatani na gesi hiyo, huifanya dawa igande mapema. Pampu inachosha mkono, ila haiharibu kitu.

Fungeni matairi wiki mbili kabla ya mbio, si usiku wa kuamkia, ili dawa ipate safari ndefu mbili za kutafuta matundu yake. Na zoezi la kuchomeka kamba liingie kwenye ratiba kama linavyoingia zoezi la kupanda kilima: gizani, kwa taa ya kichwani, mikono ikiwa imechoka baada ya saa nne za kukanyaga pedeli. Mtu anayeweza kwa dakika tatu barazani kwake atatumia kumi saa tisa usiku.

Kuna wanaoona mashamba ya mpira ya Kihuhwi pale Muheza wakafikiria kujitengenezea. Utomvu mbichi huganda baada ya saa chache tu. Ili usigande unatiwa amonia, na amonia inakula rimu za aluminiamu. Akiba hiyo itakugharimu gurudumu.

Ukiagiza kutoka Dar au Arusha, uliza tarehe, na kama chupa kubwa inakuja kwa ndege iende kwenye mzigo wa chini. Ikifika, tikisa kwa nguvu dakika nzima kabla ya kumimina kila mara, hata katikati ya tairi la kwanza na la pili. Chembe hutuama chini upesi sana, na bila kutikisa tairi la kwanza litapata maji matupu.