Uzoefu wangu: Singin' in the Rain, nilivyoitazama na Mama

Sisi tuliokulia vibanda umiza, tukitazama filamu huku sauti ya mtafsiri ikimfunika mwigizaji, tuna sababu yetu ya kuipenda Singin' in the Rain. Jumamosi niliikodi mtandaoni nikaitazama na Mama, dakika zote 103. Nakala yenyewe haikuwa na maandishi ya Kiswahili, na Kiingereza cha Mama kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo nilikaa tayari kumtafsiria. Kwa sehemu kubwa hakunihitaji.

Filamu ilitoka 1952, ila hadithi yake ni ya Hollywood ya 1927, sinema bubu zilipoanza kupokonywa watazamaji na sinema za sauti. Don Lockwood (Gene Kelly, aliyeiongoza pia pamoja na Stanley Donen) na Lina Lamont ni mastaa wa sinema bubu: manyoya, vito, mashabiki wanapiga mayowe. Sasa studio inataka waongee, na sauti ya Lina inakwaruza masikio. Don naye kashampenda Kathy, binti asiye na jina bado, mwenye sauti tamu, na sauti hiyo ndiyo studio inayoiweka mdomoni mwa Lina.

Mama alicheka hadi akashika ubavu pale wanaporekodi. Maiki imefichwa kichakani. Lina akigeuza kichwa, neno hili linasikika, lile linapotea. Wanaihamishia kwenye nguo yake, kifuani, na kinachosikika ni mapigo ya moyo. Mara bosi wa studio anaingia, anaona waya umelala ovyo, anauvuta, na Lina anapinduka miguu juu. Hapo utafsiri nini?

Ile ngoma ya mvuani wengi mmeiona vipande. Itazameni ndani ya hadithi. Don katoka kumuaga Kathy mlangoni, anafunga mwavuli kwa hiari yake, anainua uso kuipokea mvua, anarukia madimbwi kama mtoto. Kelly alikuwa na homa kali alipoicheza, na usoni huioni hata chembe.

Kasoro moja: ngoma ndefu ya Broadway kuelekea mwisho. Cyd Charisse anacheza vizuri ajabu, lakini Kathy hayumo kabisa, na mapenzi tuliyokuwa tunayafuata yanaachwa yasubiri. Mama alisinzia.

Jean Hagen, aliyecheza Lina, ndiye aliyenishika zaidi. Kuibana sauti vile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bado ukamwona mwanamke anayeogopa kupoteza kila kitu, ni kazi kubwa. Aliteuliwa kuwania Oscar na hakuipata. Mimi ningempa.

Pazia lilipovutwa, Kathy akaonekana nyuma akiimba huku Lina akifungua mdomo tu mbele ya watu, Mama alipiga makofi. Kisha akaniuliza: "Na huyu binti, zote kaimba mwenyewe?" Nikamwambia ninachojua. Pale studio, Kathy anapoimba "Would You?" ili sauti iwekwe kwa Lina, unayemsikia si Debbie Reynolds, aliyecheza Kathy. Ni mwimbaji anayeitwa Betty Noyes, na jina lake halikuandikwa popote kwenye filamu.

Mama alinyamaza kidogo. Akaniomba nirudishe pale pale, na safari hii alisikiliza macho kayafumba.