Kabla hujatoa pesa Luthuli: waya upi wa HDMI unaifaa PlayStation yako

Binamu yangu wa Umoja alinunua PS5 ya mkono wa pili kwa jamaa aliyekuwa akihama. Mashine safi, pedi mbili, lakini hakuna sanduku wala waya. Akitoka kazini alipitia Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi, akachukua waya wa HDMI, ule unaopeleka picha na sauti kutoka mashine hadi tivi, wa mita tano ili asibanwe na ukuta. Mwembamba, ncha zinang'aa kama jino la dhahabu, ubavuni umeandikwa 8K. Usiku akanipigia: kila baada ya dakika chache tivi inazima sekunde mbili, picha ikirudi anakuta ameshafungwa bao. Tayari alikuwa anatafuta nambari ya fundi. Nikampelekea waya wangu wa mita mbili, tivi ikatulia.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei ya waya, jiulize tivi yako ni ya aina gani. Kama ni ya inchi 32 isiyozidi 1080p, yaani picha ya mistari 1080, au mashine yako ni PS3 au PS4 ya kawaida, waya wowote mzima wa daraja la High Speed unatosha, na huo ni wa shilingi mia chache tu. Tivi ya 4K, yenye picha kali zaidi ya hiyo, inayoonyesha picha 60 kwa sekunde inataka waya unaopitisha gigabiti 18 za data kwa sekunde. Ni ile ya 4K yenye picha 120 kwa sekunde, ikishikwa na PS5 au Xbox Series X, ndiyo inayohitaji waya wa gigabiti 48. Na usidanganywe kwamba waya ghali hunogesha rangi. HDMI ni ya dijitali: data ikifika yote, nyasi za uwanjani ni kijani kilekile. Isipofika, utaona vidoti vyeupe vikimetameta, au giza kama la binamu yangu.

Nikizipanga nyaya kuanzia ya kwanza hadi ya tano, nafasi ya kwanza naupa waya uliokuja ndani ya sanduku. Sony huweka waya wa Ultra High Speed kwenye sanduku la PS5, yaani wa gigabiti 48, na ushalipiwa. Ukinunua mashine ya mkono wa pili, ulizia waya huo kabla hujakubaliana bei. Muuzaji akisema umepotea, mwambie apunguze.

Nafasi ya pili ni Ultra High Speed wa kununua, wa mita mbili au pungufu. Hapa ndipo macho yanahitajika. Waya uliopimwa kweli huwa na lebo kwenye pakiti yenye maneno Ultra High Speed HDMI Cable na alama ya QR, ambayo unaisoma kwa programu rasmi ya HDMI kwenye simu. Fanya hivyo hapohapo kaunta, usione haya. Maandishi makubwa ya "2.1" au "8K" peke yake hayathibitishi kitu, wenye HDMI wenyewe hawataki nyaya ziuzwe kwa nambari ya toleo. Na ukisikia "Boss, hii ni orijino, angalia dhahabu," jua dhahabu kazi yake ni kuzuia kutu. Nairobi si Mombasa, kutu ya chumvi haitufikii.

Urefu ndio unaoua nyaya nyingi. Kadiri waya wa shaba unavyorefuka ndivyo mawimbi yanavyodhoofika njiani, na kwa gigabiti 48 ukipita mita tatu hivi umeanza kubahatisha. Mita tano inayosumbua PS5 inaweza kuendesha PS3 bila shida, kwa sababu mzigo ni mdogo. Sogeza meza kabla hujarefusha waya. Kama lazima upite darini au uvuke sebule nzima, tafuta HDMI ya nyuzi za kioo, ile ya fiba. Inafika mbali, ila ina kichwa na mkia: ncha moja imeandikwa chanzo kwa Kiingereza, nyingine tivi. Ukiigeuza hupati picha. Kwa bei yake naiweka ya nne, ya watu wenye sababu.

Ya tatu, basi, ni Premium High Speed wa gigabiti 18. Kwa nyumba nyingi ninazozijua, ambako tivi ni ya 4K ya kawaida, huu ndio unaotosha, na PS5 haitalalamika.

Ya tano ni pini tatu za AV, njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Kwa PS2, iliyotoka mwaka 2000, ndizo za kawaida, maana haina tundu la HDMI. Lakini kama una PS3 na bado unaichezea kwa pini tatu, na nimeona hivyo kwenye vibanda vya gemu zaidi ya kimoja, wewe ndiye utakayefaidi kuliko wote: waya wa HDMI wa mia chache utakubadilishia picha kuliko waya wa maelfu utakavyomfanyia mwenye PS5. Ule ukungu kwenye majina ya wachezaji unaondoka.

Wa kukimbia ni mwembamba, mrefu, usio na lebo wala pakiti, umefungwa kwa raba. Ndio ule wa binamu.

Ukifika nyumbani, zima vyote kwanza, kisha chomeka taratibu. Tundu la HDMI lina pini 19 ndogo mno. Mimi niliwahi kujikwaa kwenye waya wa PS4, pini mbili zikalala, na kulehemu tundu jipya kulinigharimu kuliko nyaya zote nilizowahi kununua. Kisha tazama nyuma ya tivi. Tivi nyingi za picha 120 kwa sekunde huzipokea kwenye tundu moja au mawili tu, yenye maandishi madogo ya 4K 120 kando yake. Kwenye Samsung huenda ukalazimika kuwasha pia Input Signal Plus kwa tundu hilo. Mwishowe ingia kwenye mipangilio ya skrini na video ya PS5 usome inatoa nini. Ikiandika 2160, yaani 4K, na 120, umepata. Cheza saa nzima usiku huohuo, risiti ikiwa bado mfukoni.

Ule wa mita tano sasa uko kwenye dikoda ya mama yake binamu. Taarifa ya habari ya saa moja haijawahi kuzima.