Konrodi mpya za Triumph Bonneville 650: ipi ipewe nafasi ya kwanza na ipi iachwe dukani

Mwongozo huu unahusu injini moja tu, ile ya silinda mbili ya pikipiki ya Triumph Bonneville T120 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 649, na hasa injini za kuanzia modeli za 1963, pale kiwanda cha Meriden, Uingereza, kilipoziweka injini na giaboksi katika keisi moja. Vipuri vyake bado vinatengenezwa na watu wengi, na wingi huo ndio unaomchanganya mnunuzi, kwani konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki, yaani shafti kuu inayozunguka) za aluminiamu, za chuma, za kufuliwa (zilizofinyangwa kwa kupigwa zikiwa moto), za kuchongwa na hata za zamani zilizosuguliwa zikang'aa huuzwa zote kwa maelezo kwamba zinaingia bila marekebisho. Ni kweli kwamba nyingi huingia. Lakini baadhi yake zikishaingia hubadilisha usawa wa krenki, nafasi ya oili (pengo dogo la oili kati ya beringi na krenki) na mtetemo wa injini, na gharama ya kuyarekebisha hayo hulipwa baadaye kwa fundi. Kwa hiyo kipimo nilichotumia hapa kupanga nafasi si nguvu peke yake, bali ni kiasi gani konrodi inaziacha hesabu nyingine za injini mahali pake.

Nguvu yenyewe inahitaji kueleweka vizuri, maana wengi hudhani kwamba konrodi huvunjwa na mlipuko wa petroli unaoisukuma chini. Hatari kubwa zaidi hutokea pistoni inapomaliza kutoa moshi: hapo pistoni inataka kuendelea kupanda, hakuna gesi iliyobanwa ya kuizuia, na konrodi peke yake ndiyo inayoivuta irudi. Katika injini hii, ambayo mwendo wa pistoni ni milimita 82, tuseme pistoni na vyote vinavyopanda nayo vina gramu 500. Kwa mizunguko 6,500 kwa dakika mvuto huo unakaribia tani 1.2, na kwa mizunguko 7,500 unafika tani 1.6, kwa sababu hukua kwa mraba wa kasi. Mzigo wote huo unashikiliwa na bolti mbili zinazofunga kifuniko cha konrodi upande wa krenki. Ndiyo maana, chaguo lolote kati ya yanayofuata likiuzwa pamoja na bolti zisizo na maelezo ya kukazwa, mimi huliondoa kwenye orodha bila kuangalia bei.

Nafasi ya kwanza, kwa pikipiki ya barabarani yenye pistoni za kawaida, naipa konrodi mpya ya aluminiamu ya kufuliwa iliyofuata mchoro wa kiwanda. Triumph wenyewe walitumia aloi iitwayo RR56, iliyotokana na kazi ya Rolls-Royce, pamoja na kifuniko cha chuma upande wa krenki, na injini nyingi zimezeeka zikiwa na konrodi hizo bila tatizo. Faida ya kwanza ya kuufuata mchoro huo ni uzito: ukiwa karibu sana na wa zamani, usawa wa krenki haubadiliki kwa kiasi cha kumsumbua mpandaji. Faida ya pili ni joto. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo nafasi ya oili inayopimwa injini ikiwa baridi si ile iliyopo barabarani, na kitabu cha kiwanda kinapotaja inchi 0.0005 hadi 0.002 kwenye beringi za konrodi, kinazungumzia konrodi za aina hii. Kasoro yake ni kwamba aluminiamu haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake haichoki kabisa. Kila mzunguko unapunguza kitu, ingawa kwa mwendo wa kawaida kupungua huko huchukua miaka mingi sana. Mwuzaji anayestahili pesa zako hutaja aina ya aloi, hutaja kwamba imefuliwa na si ya kusubu (metali iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), na huuza jozi iliyopimwa uzito, tofauti kati ya konrodi mbili ikiwa gramu moja au mbili.

Ya pili ni konrodi ya chuma ya kuchongwa pande zote, ya aina inayotengenezwa na Carrillo wa California, mara nyingi ikiwa na umbo la herufi H, au na Arrow Precision wa Hinckley, mji ule ule ambamo Triumph ya sasa ina makao yake. Kwa injini ya mashindano, kwa mtu aliyeongeza mgandamizo, au kwa mpandaji asiyeachia akseleta mapema, hii ndiyo inayopanda hadi nafasi ya kwanza bila ubishi. Chuma kizuri kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango chake kinaweza kudumu kuliko injini yenyewe. Sababu ya kuishusha hapa ni kazi inayokuja nayo. Pistoni za Bonneville hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo krenki yake husawazishwa kama ya silinda moja kubwa: mtetemo hauondolewi, bali huhamishwa kutoka juu-chini kwenda mbele-nyuma, na kiwanda kilichagua kusawazisha asilimia 85 ya uzito unaopanda na kushuka. Konrodi ya chuma mara nyingi ni nzito zaidi, na uzito huo haugawanyiki sawasawa. Upande wa krenki huhesabiwa wote kama uzito unaozunguka, na upande wa pistoni huhesabiwa pamoja na pistoni, kwa hiyo ni lazima kila upande upimwe peke yake kabla krenki haijapelekwa kusawazishwa upya. Anayeruka hatua hiyo atanunua konrodi bora kabisa kisha apande pikipiki inayolegeza nati za tangi.

Konrodi hizi pia ni nene mahali ambapo za zamani zilikuwa nyembamba. Injini ikishafungwa kwa majaribio, izungushwe kwa mkono taratibu mizunguko miwili kamili, huku ukiangalia nafasi iliyopo kati ya vichwa vya bolti na keisi, kemshafti zote mbili (shafti zinazofungua vali) na ukingo wa chini wa silinda. Kuhusu kukaza, fuata karatasi ya mtengenezaji wa konrodi na si kitabu cha Triumph, na ikiwezekana pima kurefuka kwa bolti badala ya kuiamini spana pekee, maana msuguano wa nyuzi hudanganya. Triumph wenyewe walitoa kipimo cha kurefuka kwa bolti zao, inchi 0.004 hadi 0.005.

Nafasi ya tatu ni konrodi zako za zamani zilizokaguliwa na kufungwa bolti na nati mpya. Kwa mwenye bajeti ndogo hili ni chaguo la heshima, mradi historia ya injini inajulikana. Ukaguzi wa sumaku hauonyeshi kitu kwenye aluminiamu. Dai ukaguzi wa dawa ya rangi inayopenya kwenye nyufa, kisha unyoofu na uduara wa tundu vipimwe. Yenye mkwaruzo mzito ubavuni isirudishwe, kwani ufa huanzia hapo.

Konrodi nene za aluminiamu zilizochongwa kwa ajili ya mbio fupi za mstari mnyooka naziweka ya nne. Zinafanya vizuri kazi zilizotengenezewa, lakini wenye mashindano hayo huzibadilisha kwa ratiba, jambo ambalo mpandaji wa barabarani hatalifanya. Za mwisho ni zile zisizo na jina la mtengenezaji wala aina ya metali, hata ziwe za bei gani.

Kabla ya kuagiza, hakikisha umbali kati ya vitovu vya matundu mawili ya konrodi ni inchi 6.5 na pini ya pistoni ni ya inchi 11/16. Konrodi za T140, yaani Bonneville ya baadaye ya ujazo wa 750, ni fupi kwa nusu inchi na huuzwa katika maduka yale yale, wakati mwingine kwenye rafu moja. Krenki ikiwa nje, fungua bomba lililo ndani yake linalonasa tope la oili. Linashikiliwa na mojawapo ya bolti za flaiwili (gurudumu zito la krenki), na likiziba, beringi mpya zitakosa oili hata konrodi iwe ya thamani gani. Beringi zenyewe ziagizwe mwisho, baada ya fundi kupima shingo za krenki (sehemu ambazo konrodi hufungwa) kwa maikromita ya inchi na kuamua kama zitachongwa kwa inchi 0.010, 0.020 au 0.030. Karakana zinazochonga krenki za magari, ziwe za Dar es Salaam au Nairobi, zinaweza kuifanya kazi hiyo, ila mpelekee fundi vipimo vilivyoandikwa kwa inchi pamoja na konrodi zenyewe, ili azifunge beringi mezani na kuipima nafasi ya oili kabla krenki haijarudi kwenye keisi.