Praima ya ukuta wa nje kabla ya rafu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kipande cha rafu, yaani lile pambo la ukuta wa nje lenye punje na mistari, kikibanduka ukutani, usikitupe. Kiokote, kigeuze, utazame mgongo wake. Ukikuta mgongo laini kama sahani, na pale ukutani praima, yaani mpako wa kwanza wa kushikiza rafu, imebaki nyeupe pepe bila doa, rafu haikushika praima. Mgongo ukiwa umebeba praima pamoja na vumbi la kijivu la saruji, praima ndiyo haikushika lipu. Ukikuta unga mweupe wenye ladha ya chumvi, hapo hata praima ya dhahabu isingekusaidia, kwa sababu kuna maji yanayosukuma kutoka ndani.

Malalamiko mengi ya wenye nyumba ni ya aina ile ya kwanza. Rafu imepigwa, imependeza, watu wamepiga picha, na baada ya masika mawili inabanduka vipande vikubwa kama chapati. Lawama zote humwendea fundi, au kampuni iliyotengeneza rafu. Ndoo ya praima haiulizwi kitu.

Weupe wa praima, harufu yake na maneno "inafunika vizuri" tuyaweke kando. Praima ya chini ya rafu haikusudiwi kufunika chochote. Ulizia kitu kimoja ambacho wauzaji wengi hawajawahi kuulizwa: ikikauka, inakwaruza? Pitisha kiganja juu ya praima iliyokauka. Ikiwa kiganja kinateleza kama juu ya mlango uliopakwa rangi ya mafuta, hiyo ni praima ya rangi, si ya rafu. Inatakiwa ikwaruze kama msasa.

Sababu yake iko kwenye mwiko. Rafu ya punje za milimita 2 hutandazwa kwa mwiko wa chuma, ikabanwa mpaka unene wake uwe sawa na punje yenyewe, kisha ikasuguliwa kwa mwiko wa plastiki ili punje ziviringike na kuchora mistari. Mzigo wake ni kama kilo 3 kwa kila mita moja ya mraba, na wote unaning'inia wima. Ukuta ukiwa unateleza, rafu inaufuata mwiko badala ya kubaki ukutani. Fundi anaona mapengo, anaongeza maji ili alainishe, na maji hayo ndiyo yanayoidhoofisha gundi iliyomo ndani ya rafu. Jua la saa nane likishaupiga ukuta huo na usiku ukapoa, kila siku, kinachobaki ni kusubiri siku ya kubanduka.

Kabla ya duka, jua unapiga rafu gani. Kama ni rafu ya saruji ya kurushwa kwa mashine ya kuzungusha mkono, hii makala haikuhusu, na usinunue praima kabisa. Ile inataka lipu tupu iliyokwaruzwa kidogo na kuloweshwa maji, saruji ishikane na saruji. Ukiipaka praima unaiwekea nailoni katikati. Kama ni rangi ya rafu ya kuviringisha kwa rola, mfano wa Ruff n Tuff ya Crown inayojulikana sana Kenya, mzigo ni mwepesi na masharti ya punje yanalegea. Kinachohukumiwa hapa ni rafu ya akriliki (gundi aina ya plastiki) ya mwiko, ile ya ndoo.

Nafasi ya kwanza: praima ya akriliki yenye mchanga wa kwatzi

Hii ni praima ya maji iliyochanganywa mchanga mweupe laini kiwandani. Upendeleo wangu siufichi: Caparol Putzgrund 610, ya Wajerumani wa Ober-Ramstadt. Kampuni mama, DAW, ipo tangu 1895, lakini si umri unaonipa imani. Punje zake zimesambaa sawasawa, na inapokea rangi. Wasioikuta madukani huku huiagiza pamoja na mizigo inayotoka Dubai, ambako Caparol wapo. Kundi hilo hilo lina Ceresit CT 16 ya Henkel na UniPrimer ya Baumit ya Austria. Zote mbili ni kazi nzuri, na ukipewa moja kati yake kwa bei ya kueleweka usikae kusubiri kontena.

Kupokea rangi si urembo. Rafu ya mistari ina mifereji, na chini kabisa ya mfereji kinachoonekana ni praima. Rafu ya rangi ya kahawia juu ya praima nyeupe hutoka na michirizi myeupe kama ukuta uliokunwa na paka, na hakuna dawa yake zaidi ya kupaka rangi juu, yaani kuzika rafu uliyoinunua kwa gharama. Agiza praima itiwe rangi iliyo karibu na ya rafu. Si lazima ifanane, ikaribie tu.

Hesabu yake: praima hii inakula gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Chukua nyumba ya mita 14 kwa 10, kuta za mita 3. Mzunguko ni mita 48, eneo 144, toa madirisha na milango kama mita 24, zinabaki 120. Hapo unahitaji kilo 30 hadi 36 za praima. Rafu ya punje za milimita 2 kwa ukuta huo huo ni kama kilo 360. Anayebana matumizi kwenye zile 36 anazicheza kamari zile 360, pamoja na jukwaa na ujira wa fundi.

Nafasi ya pili: praima ya kukinza alkali

Lipu mbichi ya saruji ina alkali kali, pH yake (kipimo cha ukali huo) hufika 12 hadi 13. Praima hizi zimetengenezwa kwa ukali huo, na kampuni kubwa za rangi za Afrika Mashariki zinazo, za maji na za thina. Kwa rangi ya rafu ya rola zinatosha, na mimi ningezichagua bila kusita. Lita moja inapita mita 8 hadi 10, hivyo ile nyumba ya mfano inataka lita 12 hadi 15 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja.

Kwa rafu ya mwiko zina kasoro ile ile: zinakauka laini. Mafundi wanajua, ndiyo maana wengine hutia mchanga wenyewe kwenye ndoo. Mchanga wa saiti una udongo na vumbi, na ule wa pwani una chumvi. Zaidi ya hapo, praima haikupimiwa gundi ya kubeba mchanga huo, kwa hiyo punje zinakaa juu na kutoka ukizipangusa kwa kitambaa.

Lakini kuna ukuta unaohitaji praima mbili. Lipu inayotoa vumbi ukiipangusa kwa kiganja kikavu, au inayonyonya maji mara tu ukiirushia, inataka kwanza praima nyembamba isiyo na rangi, ya kuzama ndani na kuifunga. Ikikauka ndipo unapaka ya mchanga. Praima ya mchanga ni nzito, haizami. Ukiipaka juu ya vumbi inashikana na vumbi, ukapata ule mgongo wa kijivu niliousema mwanzoni.

Nafasi ya tatu: rafu au rangi yenyewe iliyozimuliwa

Kwa bidhaa za rola, baadhi ya viwanda huruhusu mkono wa kwanza uwe rangi ile ile iliyoongezwa maji. Kama maelezo ya ndoo yanasema hivyo, fanya. Kama hayasemi, fundi asikwambie ni sawa tu.

Za bei rahisi

Andakoti ya mafuta juu ya lipu mpya: mafuta yakikutana na alkali yanageuka sabuni, kama anavyopika mtu wa Kigoma mawese na kostiki. Ukuta unanata, kisha rangi inabanduka. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa: ikipata unyevu inarudi kuwa gundi. Maji ya saruji nyeupe: unga juu ya unga. Puti ya jasi kwa nje: hapana. Hata puti nzuri ya nje ni hasara hapa, unalipia kuulainisha ukuta ambao kesho yake utalipia kuukwaruza.

Ukifika dukani

Mchanga wa kwatzi ni mzito kuliko gundi, hivyo ndoo iliyokaa dukani miezi mingi mchanga wake umelala chini. Ndoo ikifunguliwa, chomeka kijiti safi mpaka kitako chake. Kikizama taratibu na kugusa matope yanayosogea, koroga, ni nzima. Kikigonga kitu kigumu kama sakafu, irudishe. Drili yenye mkono wa kukorogea haitaivunja hiyo keki isambae sawasawa, na utapaka ukuta maziwa.

Hapa ndipo wauzaji wanaponiudhi. Kuna mchezo wa kuuza praima kwa kipimo kutoka ndoo iliyo wazi, lita mbili mbili, kama mafuta ya taa. Haikorogwi. Mteja wa asubuhi anachotewa maji ya juu yasiyo na punje, mteja wa jioni anapewa matope ya chini yasiyo na gundi, na wote wawili wamelipa bei moja. Praima ya mchanga nunua ndoo iliyofungwa, na ukiona lakiri imechezewa usikubali hadithi ya kwamba "tulikuwa tunamwonyesha mteja". Ndoo iliyofunguliwa na kujaziwa maji huwezi kuitambua kwa macho, ila ukiinua mbili za jina moja, moja kwa kila mkono, mkono unajua.

Kuna na cha juu. Fundi akimpeleka mteja dukani, bei inapandishwa, na tofauti anairudia jioni. Sina ugomvi na mtu kula kwa jasho lake, ila cha juu kikiamua aina ya praima, ukuta ndio unaolipa. Utaambiwa ya kukwaruza "haipo mjini" na ile ya laini "ndiyo wanayotumia wote". Ulizia bei kwa simu kabla hujaenda na fundi, na uandikiwe risiti yenye jina kamili la bidhaa. Neno "praima" peke yake kwenye risiti halimbani mtu yeyote.

Siku ya kupaka

Lipu iwe na siku 28. Hata hivyo siku peke yake haitoshi, hasa kwa nyumba zilizojengwa kwa maji ya kisima yenye chumvi. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 chini ya ukuta, ziba kingo zote nne kwa utepe wa gundi, kiache saa 16. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado una maji, na kosa huenda liko kwenye msingi usio na kizuizi cha unyevu. Tatua hilo kwanza.

Chumvi nyeupe iondolewe kwa brashi kavu ya waya. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ikasubiri.

Maji ya kuzimulia yasizidi asilimia 5, yaani lita 1 kwa ndoo ya lita 20, na iwe tu kama ndoo inaruhusu. Mafundi humimina lita 4 au 5 ili ipite haraka. Simama hapo hapo, ndoo ya kwanza ikorogwe ukiwa unaiona. Tumia brashi pana au rola ya manyoya marefu, na praima irudiwe kukorogwa kila inapomiminwa kwenye trei, la sivyo mchanga wote utaishia kwenye kona ya mwisho ya nyumba. Pakeni kwa kufuata kivuli: ukuta wa magharibi asubuhi, wa mashariki jioni. Kwenye jua kali praima inakauka juu ya uso kabla haijashika.

Acha saa 24. Kisha kwaruza kwa ukucha, bandika utepe wa gundi na kuuvuta kwa ghafla. Utepe ukitoka safi, leteni rafu, na isipite wiki. Praima iliyoachwa wazi tangu Juni ikisubiri hela ya rafu mpaka Desemba imeshajaa vumbi. Ioshe, ikauke, na kiganja kikianza kuteleza, irudie.