Samaki wa kopo hapa Tanga: niliyoyajaribu na ninayoyanunua sasa

Sadini wadogo wa mafuta, kopo bapa la gramu 125, wakiwa na ngozi na mifupa yao. Hilo ndilo jibu langu kwa anayetaka samaki wa kopo wa kula papo hapo au wa kupika kwa dakika chache, na nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake dukani. Anayetaka kujua kwa nini, na namna ya kumtenga mzuri na mbaya waliopangwa kwenye rafu moja, tuendelee, maana yapo mengi.

Swali la kwanza nalijua, nimeshaulizwa sana. Bahari iko mlangoni, samaki wa kopo wa nini? Mimi nafanya kazi ya zamu. Nikitoka saa mbili usiku, mnada wa samaki wa Deep Sea umekwisha zamani, na Ngamiani waliobaki na sinia zao wanauza waliokaangwa tangu mchana. Halafu kuna kusi. Upepo ukishika na bahari ikachafuka, vyombo vidogo vingi havitoki, na changu akipatikana bei yake inakufanya uulize mara mbili. Dagaa nao huadimika mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Makopo machache kabatini yananivusha siku hizo. Samaki wa kuvuliwa leo akiwepo, nanunua huyo, na sitaki mtu anielewe vingine.

Ugumu wa kopo ni kwamba linakunyima ujuzi wako wote. Sokoni tunafunua shavu kuona kama matamvua ni mekundu, tunatazama jicho, tunabonyeza mnofu kuona kama unarudi. Kopo halina jicho wala shavu. Lina picha ya samaki anayeng'aa amelazwa juu ya kotimiri na kipande cha ndimu, na picha haisemi lolote kuhusu aliyemo ndani. Kwa hiyo nilichofanya ni kununua aina mbili kwa wakati mmoja, kuzifungua pamoja kwenye sahani mbili, na kuzitazama kwa makini kabla ya kuonja. Nimefanya hivyo msimu mzima wa kusi, kwa makopo ya maduka ya mtaani na ya supamaketi za mjini.

Majina ya kampuni sitataja. Jina la mbele mara nyingi ni la mwenye nembo tu. Kiwanda na nchi vimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo, na nimekutana na nembo moja yenye sadini wa Moroko na jodari wa Thailand. Ukisifia nembo nzima unaweza kumpotosha mwenzako. Bora kusifia aina, na kumwonyesha mtu dalili za kutazama.

Dalili kubwa kuliko zote nilifundishwa na mama yangu mdogo, aliyekulia Sahare na ambaye hadanganyiki kwa samaki. Nilimwekea sahani mbili za sadini bila kumwambia lipi kopo la bei kubwa. Akachukua uma, akawageuza mmoja mmoja, hakuonja.

"Hawa, mwanangu, walikaa kabla hawajafungwa," akasema, akasukuma sahani moja pembeni.

"Umejuaje, mama, na wameshapikwa?"

"Tumbo. Huoni wamepasuka tumbo? Dagaa akikawia juani huanza tumbo."

Na ni kweli kabisa. Sadini akivuliwa ameshiba, kisha akacheleweshwa bila barafu, vimeng'enya vya utumbo wake mwenyewe huanza kuyeyusha ukuta wa tumbo. Kiwandani hukatwa kichwa, hutolewa utumbo, hupangwa, hupikwa, lakini tumbo lililoanza kulainika halirudi kuwa zima. Kwa hiyo kopo likifunguka, kabla ya kitu kingine chochote tazama matumbo. Yakiwa mazima, ngozi ina fedha yake na haikumenyeka ovyo, samaki wamelingana ukubwa na wamepangwa kwa mpangilio, basi hao walishughulikiwa mapema. Wakiwa wamechanika, vipande vimevurugika na mafuta yana tope la nyama, usirudi kwa kopo hilo hata likishushwa bei. Mmoja au wawili kupasuka si hoja. Wote wakipasuka, hiyo ni habari.

Mfupa wa mgongo nao nauminya kati ya vidole. Unatakiwa kuvunjika kama chaki, bila kuchoma. Mfupa huo usiutupe! Gramu 100 za sadini wa kopo walioliwa na mifupa yao zina kalisi ya miligramu 380 hivi, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Kwa mtoto anayekataa maziwa, au bibi ambaye magoti yameanza kulalamika, hiki ni chakula hasa. Kuna makopo ya sadini waliotolewa ngozi na mifupa, tena ni ghali zaidi. Kwangu mimi huko ni kulipa zaidi upate pungufu.

Kwa jodari dalili ni nyingine, maana ngozi haipo na tumbo huwezi kuliona. Jodari wa kopo hupikwa mara mbili: kwanza akiwa mzima au kwa mapande makubwa, kisha husafishwa kwa mkono, huondolewa ngozi, mifupa na nyama nyeusi, ndipo hufungwa na kupikwa tena ndani ya kopo. Ndiyo sababu huwa mkavu, na wa maji ya chumvi hukauka zaidi. Mvunje kipande, utazame mkato wake. Nyama nzuri imeshikana, ina rangi ya waridi iliyofifia au kahawia nyepesi. Ukiona vitundu vingi vidogo ndani ya mnofu, kama sega la nyuki, huyo alianza kuharibika kabla ya kupikwa. Nilikutana navyo kwenye kopo moja la bei ya chini. Lilikwenda pipani lote.

Si kwa madaha. Jodari, sadini, vibua na jamaa zao wote wana hatari moja ambayo watu wengi hawaijui: wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kupika. Kiwanda kichemshe, nawe nyumbani ukaange, iko palepale. Anayeila anaweza kuona uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinauma, na wengi hudhani wana mzio wa samaki. Ukionja samaki asiyetiwa pilipili ukahisi ulimi unachomachoma, tema. Kwa hiyo ubora wa kopo umeshaamuliwa chomboni, kwa barafu, kabla ya kiwanda kugusa kitu. Sosi, viungo na nembo za dhahabu zinakuja baadaye na hazirekebishi lolote.

Sasa pesa. Usisome uzito mkubwa wa mbele peke yake, tafuta uzito wa pili, ule wa samaki baada ya kuchuja mafuta au sosi. Makopo bapa ya sadini ya gramu 125 niliyosoma yana samaki gramu 90 hivi. Ya jodari ya gramu 170 yana kama 120. Yale makubwa ya gramu 425 ya nyanya, ambayo familia nyingi hupenda, yalikuwa na samaki kati ya gramu 235 na 255, yaani gramu 170 hadi 190 za ulichobeba ni sosi. Gawa bei kwa gramu za samaki. Tuseme kopo moja ni shilingi 4,000 na lina gramu 90, jingine ni shilingi 5,000 na lina gramu 130. La kwanza gramu moja ni kama shilingi 44, la pili ni kama 38. Lililoonekana ghali ndilo nafuu. Kopo lisiloandika uzito huo wa pili mimi silichukui, maana sijui ninanunua samaki au maji.

Kisha soma viungo. Kopo zuri la sadini lina samaki, mafuta na chumvi, basi. La nyanya lina samaki, nyanya, maji, chumvi. Ukiona wanga umetajwa, ujue sosi imefanywa nzito bila nyanya nyingi. Makopo ya nyanya sikuyapenda sana kwa kula hivihivi. Yale ya makareli, ndugu yake kibua wetu, yana nyama nene na yanastahimili kupikwa, kwa hiyo nayanunua wageni wakizidi. Yenye pilipili ya kiwandani nimeyaacha. Pilipili mbuzi moja mbichi inafanya kazi nzuri zaidi, tena haifichi harufu ya samaki aliyekaa.

Mafuta yanahitaji neno moja. Sadini wa mafuta huendelea kulainika na kukolea ndani ya kopo miezi inavyopita, kwa hiyo kopo ambalo halikutoka kiwandani jana si kasoro, mradi tarehe ya mwisho iko mbali. Na yale mafuta simwagi. Sehemu ya omega-3 ya samaki imehamia humo, na ndimo ninamokaangia kitunguu. Chumvi siongezi hadi nionje mwisho. Makopo haya yana chumvi ya kutosha, na mwenye presha ajihadhari.

Mjamzito namshauri ashike sadini kuliko jodari. Zebaki, ambayo ni sumu, hujikusanya zaidi kwenye samaki wakubwa wanaoishi miaka mingi na kula wenzao, na sadini yuko chini kabisa kwenye mlolongo huo.

Kopo lenyewe nalikagua haraka. Lililovimba silifungui kuonja, linatupwa, kwa sababu sumu ya botulini inaweza kuwepo bila harufu wala ladha. Ndiyo maana viwanda hupika makopo haya kwa joto la nyuzi 121 hivi. Lililobonyea kwenye mshono wa juu au wa chini naliacha dukani, hata likibonyea kidogo. Kutu inayofutika kwa kidole ni ya hewa yetu ya chumvi, iliyokula chuma ndiyo mbaya. Natazama alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, pia, kwa kuwa tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya shirika hilo. Na mwenye duka anayepanga makopo kibarazani kwenye jua la saa saba, hata awe jirani yangu, samaki sinunui kwake.

Kuna jambo moja lililomshtua dada mmoja kazini: alikuta chembe zinazong'aa kwenye kopo la jodari akadhani ni vioo. Huenda ni fuwele za madini yaliyomo kwenye samaki mwenyewe, huitwa struviti, na hazina madhara. Zitie kwenye siki au ndimu yenye moto kidogo, zitayeyuka. Kioo hakiyeyuki.

Mapishi yangu ya siku ya zamu ni haya. Kitunguu kwenye mafuta ya sadini, nyanya moja, bizari kidogo, kisha tui jepesi. Likichemka natia bamia mbili tatu zilizokatwa, halafu mwishoni kabisa sadini, bila kukoroga, natikisa sufuria tu. Dakika tatu, ndimu, naepua. Ukimtia samaki mapema anasambaratika, na yule ameshapikwa, anahitaji kupata moto tu. Kwa wali au kwa muhogo wa kuchemsha, mama mdogo amekubali, na kukubali kwake ni kazi.

Jodari nampa kazi ya katlesi, ambako ukavu wake ni faida. Viazi vilivyopondwa, jodari aliyekamuliwa vizuri, kotimiri, pilipili mbuzi, kitunguu saumu, chovya kwenye yai, kaanga. Kwenye kachumbari pia anafaa, na mkate wa asubuhi. Anayebaki namhamishia kwenye bakuli la kioo lenye mfuniko, simwachi ndani ya kopo lililofunguliwa, anakaa jokofuni na kuliwa kesho yake. Umeme ukikatika usiku kucha, huyo haliwi.