Vitabu na tovuti zilizonifunza kuoka, na kwa nini keki ya Nakuru si keki ya Kisumu

Nimeoka nyumbani hapa Nakuru miaka saba sasa, nilianza na jiko la makaa, sufuria mbili na mchanga, siku hizi niko na oveni ya gesi, na swali naulizwa kila mara ni ulisomea wapi. Sikusomea mahali. Nilijifunza kwa vitabu na mtandao, vingine vimenisaidia sana na vingine vimenimalizia mayai tu, sasa wacha niseme vile naviona mimi.

Lakini kuna kitu lazima kitangulie, maana mimi kilinichukua karibu mwaka mzima kukijua. Nakuru tuko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na resipe nyingi unazopata zimejaribiwa na watu wanaokaa chini. Huku kwetu hewa ni nyepesi, kwa hivyo gesi ya beking pauda inafura mbio kabla mayai na unga havijashikana vizuri, na maji yanachemka kwenye digrii 94 hivi si 100, keki inakauka mapema. Nilioka keki moja ya sponji ya mtandaoni, ikapanda vizuri hadi nikaita watoto waje waangalie kwa kioo, kufika dakika ya ishirini hivi katikati ikaanza kutetemeka, halafu ikazama pole pole na kando kando ikamwagikia trei. Nikadhani ni mlango nilifungua mapema. Nikarudia bila kugusa mlango, ikazama vile vile. Nikamtumia dadangu hiyo resipe, yeye anakaa Kisumu, yake ikatoka sawa kabisa, unga ni ule ule na mayai ni yale yale ya kienyeji. Kisumu iko kama mita 1,130.

Jibu nililipata kwa tovuti ya King Arthur Baking, kampuni ya unga ya Marekani iliyoanza 1790, na ndiyo maana kwangu hiyo ni namba moja. Wako na ukurasa mzima wa kuoka sehemu za juu. Wanakwambia joto la oveni uongeze digrii 15 mpaka 25 za Farenhaiti, yaani 8 mpaka 14 za Selsiasi, kila nusu saa ya kuoka upunguze dakika tano mpaka nane, sukari utoe kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, maziwa au maji uongeze (nikipiga hesabu ya hapa kwetu inakuja kama vijiko vikubwa vitatu), na beking pauda upunguze. Nilifuata hayo yote kwa ile sponji iliyokuwa inazama. Ikasimama, juu ikawa tambarare, ukibonyeza na kidole inarudi. Siku hiyo nilifurahi sana jamani, nilipeleka vipande mpaka kwa majirani wa ploti ya pili.

Kitu kingine naipendea hiyo tovuti ni gramu. Resipe zao nyingi unabonyeza tu vikombe vinageuka gramu, na wako na chati ya vipimo, kikombe kimoja cha unga wa kawaida wanakihesabu gramu 120. Mimi nilikuwa nachota na kikombe cha chai, nikishindilia, nilipokuja kununua mizani ndogo ya betri nikapima nikakuta ni 170. Hebu fikiria keki ya vikombe vitatu, hapo umezidisha gramu 150 nzima halafu unashangaa mbona ni ngumu. Shida yao ni kwamba resipe nyingi zinataja bidhaa zao wenyewe ambazo hapa huzipati, hizo ruka tu utumie ulicho nacho.

Upande wa vitabu, anayeanza nampa Mary Berry's Baking Bible ya 2009. Ni ya Uingereza, kila kitu kiko kwa gramu, na sponji yake kubwa unaishika kwa kichwa: siagi 225, sukari 225, unga 225, mayai manne, unatia vyote bakuli moja unapiga. Unga wake ni ule unaouzwa ukiwa umetiwa beking pauda tayari, halafu yeye anaongeza vijiko vidogo viwili tena juu. Huku Nakuru hivyo viwili mimi sitii kabisa, ile ya ndani ya unga inatosha. Sukari anataka ile laini, saga ya kawaida kwa blenda sekunde chache, usiendelee sana itakuwa poda ya aisingi.

Mkate ni habari nyingine. The Bread Baker's Apprentice ya Peter Reinhart, ya 2001, ndiyo ilinifungua macho kwa hesabu ya waokaji, kwamba unga ndio asilimia 100 na vingine vyote unavipima kwa huo unga. Kilo moja ya unga, maji asilimia 65 ni gramu 650, chumvi asilimia 2 ni gramu 20. Ukishaelewa hapo unaweza kuoka mkate mmoja ama kumi bila kutafuta resipe ingine. Ni kitabu kirefu, kabla hujafika kwa resipe anakupitisha hatua kumi na mbili za mkate, lakini usiziruke, nakuomba, utamu wote uko hapo.

Ya Ken Forkish, Flour Water Salt Yeast ya 2012, naipenda kwa sababu anachukulia muda na joto kama viungo, kama vile chumvi. Kuna donge lake la unga wa mkate la kulaza usiku kucha, amelipangia nyumba yenye digrii 21 hivi. Mimi mwezi wa saba jikoni ni baridi, naamka saa kumi na mbili nalikuta limefura nusu tu, lazima nisubiri hadi saa nne. Dadangu Kisumu alilala nalo usiku mmoja, kuamka limetoka kwa bakuli liko mezani. Siku hizi yeye anatumia maji baridi na hamira kidogo, analikanda saa nne usiku badala ya jioni. Kile chungu kizito cha chuma Forkish anataka sina, natumia sufuria nzito yenye kifuniko na ganda linatoka vizuri tu.

Tovuti ya Sally's Baking Addiction ni nzuri kwa biskuti na keki ndogo, anakueleza kwa nini kila kitu kiko pale. Tovuti ya Kaluhi's Kitchen ya Kaluhi Adagala ni ya huku kwetu Kenya, vitu vyake vinapatikana sokoni. YouTube nashauri uangalie mikono ya mtu akikanda, hicho kitabu hakiwezi kukuonyesha, ila inakula bando.

Kitu kinaniuma ni kimoja. Njoro iko hapo tu, ngano inalimwa na kufanyiwa utafiti, na sijapata kitabu hata kimoja cha Kiswahili kinachokwambia unga wetu unakunywa maji kiasi gani ama oveni uiweke ngapi ukiwa Nakuru, ukiwa Kisumu, ukiwa Kitale. Kwa hivyo mimi na dadangu tuko na daftari, kila ukurasa una safu mbili, yake na yangu. Jumapili iliyopita tuliandika mkate wa ndizi: Nakuru digrii 190, dakika 48. Kisumu digrii 180, dakika 56.